«Ex Machina»: mashini yenye kujua kudanganya

Wababa, wamama, na ninyi vijana wenye kulala na simu mu mukono: leo tuongee juu ya filme moja ya Waingereza, «Ex Machina» ya Alex Garland. Ilifika mu masinema mu mwaka 2015. Haina bunduki wala vita, na watu wakubwa ndani yake ni wanne tu. Lakini ukimaliza kuiangalia, utakaa kimya kidogo.

Habari inaanza na tombola. Caleb, kijana mwenye kuandika programu mu kampuni kubwa ya intaneti, anapata mesaje: ameshinda! Zawadi ni wiki moja kwa mukubwa wa kampuni, Nathan, mu nyumba yake mbali mu milima. Kule anapewa kazi: kuongea na Ava, mashini yenye uso wa mwanamuke, na kusema kama iko na akili ya kweli ao hapana. Jaribio la namna hii lilifikiriwa na Mwingereza Alan Turing mu 1950.

Ava iko nyuma ya kioo. Anaongea pole pole, anamuuliza Caleb maisha yake. Mara kuran inakatika, kamera zinazimika. Mu giza ile Ava anamuambia: usimuamini Nathan. Siye tumezoea delestaje, lakini ile ilikatwa na Ava mwenyewe, juu apate nafasi ya kusema siri. Caleb anaingiwa na huruma, kisha mapendo. Anapanga kumufungulia milango.

Mwishoni Nathan anafunua yote. Tombola haikukuwa. Caleb alichaguliwa juu hana wazazi, hana muchumba, na roho yake ni ya huruma. Hata uso wa Ava ulitengenezwa kufwata picha zenye Caleb alizoea kutafuta ku intaneti. Jaribio la kweli lilikuwa kuona kama Ava ataweza kumutumia ili atoke. Na aliweza: Nathan anakufa kwa kisu, Ava anaenda zake, Caleb anabaki amefungiwa ndani, anapiga mulango.

Wengi wanasema Ava ni mubaya. Mimi nasema: tungoje. Alikuwa mufungwa, na Nathan alipanga kumuzima. Na nani alimufundisha? Mu filme, Nathan aliiba sauti na sura za watu kupitia simu zao, dunia muzima.

Hapo njo habari inatufikia. Betri nyingi za simu ziko na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wetu, ku Kolwezi na pembeni yake. Tunaichimba, inaenda, kisha inarudi kwetu na mesaje ndani: «Umeshinda! Tuma namba yako ya siri.»

Muchimbaji mumoja, jirani yangu, aliituma. Franga za minerval ya watoto zilienda siku ile ile. Aliniambia: «Balijua jina yangu, balijua hata siku ya mushahara.» Hakudanganywa juu ya ujinga. Alidanganywa juu walimujua. Caleb naye alikuwa mutu wa masomo mingi.

Filme hii si ya watoto wadogo, iko na uchi na damu. Lakini muiangalie na vijana wenu wakubwa, kisha muwaulize: Caleb alipaswa kushituka wakati gani? Kwangu, ni siku ile ya kwanza. Alifurahia tombola, hakuuliza nani aliichezesha.