Usidanganywe na bunduki ya upepo

SHEMEJI yangu ni fundi. Aliondoka Nakuru akiwa kijana, akaenda Uingereza kutafuta riziki, na siku hizi anaishi mjini Leicester ambako ameajiriwa katika karakana ya vyuma. Wenzake wakimaliza kazi siku ya Ijumaa huenda kutazama kandanda. Yeye huingia katika kibanda cha mbao kilicho nyuma ya nyumba yake, akawasha taa, na hutamwona tena hadi chakula kiwe mezani.

Nilipomtembelea mwaka jana alinionyesha kinachomshughulisha humo. Mezani palikuwa na bunduki ya upepo iliyofunguliwa na kutandazwa juu ya taulo, mfano wa mgonjwa aliye katika chumba cha upasuaji. Kitako alikuwa amekichonga mwenyewe kutokana na mti wa jozi. Kifyatulio alikuwa amekisugua kwa miezi mitatu hadi kikawa laini kama siagi. Risasi zake huzipima moja moja kwa mizani ndogo kama ya sonara.

Bunduki ya aina hii, msomaji, haitumii baruti. Chini ya mtutu pana chupa ya hewa iliyoshindiliwa. Ukifyatua, nyundo ndogo inayosukumwa na springi hugonga vali, vali hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hewa hutoka na kuisukuma risasi. Anayependa mchezo huu hubadilisha springi, mtutu au regyuleta ya hewa hadi bunduki ilenge anavyotaka. Nilimwuliza shemeji iwapo nia yake ni kuongeza nguvu tu, akanicheka. Alinieleza kwamba risasi hizi zikikaribia kasi ya sauti, yaani kama mita 340 kwa sekunde, aghalabu huyumba na kukosa shabaha. Fundi anayeijua kazi yake hutaka risasi kumi zipite katika tundu moja.

Hata hivyo, wako wanaotaka nguvu, tena nyingi. Kule Uingereza bunduki ya upepo inayozidi futi-ratili 12 huhitaji cheti kutoka kwa polisi kama bunduki nyingine yoyote, na tangu mwaka wa 2021 polisi hawatoi cheti bila kupata habari za afya ya mwombaji kutoka kwa daktari. Scotland nako, tangu siku ya mwisho ya mwaka wa 2016, hata zile zenye nguvu ndogo huhitaji cheti. Nchini Marekani kuna bunduki za upepo za kuwindia kulungu na nguruwe-mwitu ambazo hushinda kwa nguvu ile bunduki ndogo ya baruti ya .22. Shemeji anacho cheti, kwa kuwa humwindia sungura mkulima mmoja, na silaha zake hulala katika kabati la chuma lenye kufuli.

Ni mtu mwangalifu, basi. Lakini daktari hana likizo. Nilipokuwa nikisifu kazi yake nilimwona akitia risasi nne mdomoni ili apate kushika bisibisi kwa mikono miwili. Kisha akazitema kiganjani, akazipakia moja moja, akachukua kikombe cha chai na kunywa.

Lugha yetu ilikwisha kutuonya zamani. Neno risasi ni jina la kile kitokacho bundukini, na pia ni jina la madini yenyewe. Sisi Wakenya tunayajua madini hayo kwa uchungu: wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walidhurika kutokana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari karibu na nyumba zao. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Risasi haiingii mwilini kwa kupigwa tu. Vumbi lake hubaki vidoleni unapoishika, hurushwa hewani inapogonga bamba la chuma, na hushika nguo na viatu ukaingia navyo sebuleni. Wanaoyeyusha madini hayo ili kujitengenezea risasi zao kibandani wamo hatarini zaidi. Mtu mzima huanza kulalamika kwamba tumbo linamsokota, choo hakipatikani, kichwa kinauma, amechoka na anasahau. Shinikizo la damu hupanda na figo huharibika polepole. Mwili huificha risasi katika mifupa na meno kwa miaka mingi, na mwanamke akipata mimba hutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo naye hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza, na kinachoathirika zaidi ni ubongo wake.

Nilimwambia shemeji akapimwe damu. Akanuna kidogo.

Jambo la pili lilikuwa mtungi. Gurudumu la gari lako hujazwa hewa ya bari mbili hivi, au zaidi kidogo. Chupa ya bunduki hii hujazwa bari 200, na nyingine 300, kutoka kwa mtungi kama ule wa wapiga mbizi. Hewa ya nguvu hiyo haitaki kubahatisha. Kufungua bunduki kabla ya kutoa hewa yote kunaweza kurusha kipande cha chuma usoni mwako. Mafuta ya kawaida ya kulainisha vyuma yanaweza kuwaka ndani ya mtungi, na anayethubutu kutumia oksijeni ya hospitalini au ya fundi wa kuchomelea anajitengenezea bomu. Tena, hewa ikikuingia chini ya ngozi ya kidole kupitia tundu dogo, usingoje uone itakavyokuwa. Jeraha hilo huonekana si kitu, kumbe ndani nyama zinakufa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Lakini kilichoninyima usingizi usiku ule ni mwanawe wa miaka tisa. Alikuwa amesimama kando ya babake wakilenga makopo, bila miwani ya kukinga macho. "Anko, hii si bunduki ya kweli," aliniambia.

Wako watu wazima waliodhani vivyo hivyo. Mwishoni mwa Agosti 1803, Meriwether Lewis alipokuwa akianza safari yake mashuhuri ya kwenda magharibi mwa Marekani, alisimama karibu na Pittsburgh akawaonyesha watu bunduki yake ya upepo. Mmoja wao aliomba kuishika, ikafyatuka. Mwanamke aliyekuwa yadi 40 hivi kutoka hapo alianguka damu zikimtiririka kichwani, wakadhani amekufa. Kwa bahati risasi ilikuwa imemkwaruza tu.

Hatari ya jeraha hili, msomaji, ni udogo wake. Ngozi hunyumbuka na kujifunga, pakabaki tundu unaloweza kulifunika kwa plasta. Mzazi hupaka dawa na kumrudisha mtoto kitandani, kumbe risasi imo mapafuni au tumboni. Majarida ya kitiba yameeleza visa ambapo risasi ndogo namna hii iliingia moyoni, ikabebwa na damu hadi mguuni au kwenye ubongo. Kwa hivyo usiichokoe kwa kibano. Mpeleke apigwe eksirei, achunguzwe, na aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda, hata kama anacheka na kuomba soda.

Jicho likipigwa, usilioshe, usilikandamize na usitie dawa yoyote. Lifunike kwa kikombe cha plastiki kilichokatwa kitako ili kisiguse jicho lenyewe, kikishikilia kwenye mfupa unaolizunguka. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji kupasuliwa chini ya nusukaputi. Aspirini pia usimpe, kwani huzidisha damu kutoka. Na kama alipigwa kwa gololi ya chuma iliyobaki mwilini, amwambie kila daktari hadi uzeeni: mashine ya MRI ni sumaku kubwa, na inaweza kuivuta gololi hiyo kutoka ilikotulia.

Miwani ya kusomea si kinga. Inayofaa ni ile ya polikaboneti inayofunika hadi kando za macho, na avae kila mtu aliye karibu, si mwenye bunduki peke yake. Tume inayosimamia usalama wa bidhaa kule Marekani inashauri kwamba bunduki za upepo zenye kasi kubwa zisitumiwe na mtoto aliye chini ya miaka 16. Mimi naunga mkono.

Nawe uliye Nairobi au Kisumu, ukiwa na jamaa anayetaka kukuletea moja kama zawadi ya Krismasi, usikubali aitie katika sanduku kwa sababu tu haina baruti. Uliza kwanza Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha.

Mwezi uliopita shemeji alinipigia simu. Hatimaye alikwenda kupimwa pamoja na mtoto. Mtoto alionekana hana neno. Yeye alipatikana na mikrogramu 9 katika desilita moja ya damu, na Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia 5. Chanzo hakikuhitaji kutafutwa. Sasa amenunua kijisahani cha kuwekea risasi, viatu vya kibandani haviingii nyumbani, mtoto ana miwani yake, na chai huinywea jikoni baada ya kunawa. Atapimwa tena baada ya miezi mitatu.