Binti anapotaka kuwa Nandy: Mzazi, sikiliza kwanza koo lake

Simu ya mama mdogo iliingia saa mbili usiku, muda ambao kule Kibosho watu wameshafunga milango kwa sababu ya baridi. Nilimsalimia, "Shikamoo mama mdogo." Akaitikia haraka kama mtu mwenye jambo kifuani.

"Marahaba mwanangu. Si wewe unayeandika habari za afya? Hebu msikilize mdogo wako."

Akampa simu. Mdogo wangu huyu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana. Aliponiamkia, nilidhani ni mtu mwingine. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, kama ya mtu aliyetoka kushangilia mpira uwanjani. Nikamuuliza kama ana mafua. Hana. Nikamuuliza imeanza lini.

"Kama mwezi hivi, dada. Ila huwa inarudi, halafu inapotea tena."

Mwezi huo wote alikuwa anajiandaa kwa usaili wa mashindano ya kuimba ya televisheni. Kila usiku akimaliza kazi za shule alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na simu na visikilizio masikioni. Aliimba nyimbo za Nandy moja baada ya nyingine hadi karibu saa tano. Asubuhi alikunywa yai bichi lenye asali, kwa sababu rafiki yake alimwambia waimbaji wote wanafanya hivyo. Jumatano na Jumamosi akaendelea na mazoezi ya kwaya kama kawaida.

Baba mdogo alitaka amkataze kabisa, arudi kwenye daftari. Mama mdogo hakutaka kumvunja moyo mtoto. Aliniuliza swali ambalo naamini wazazi wengi wa Moshi na kwingineko wanalo: "Nimwachie au nimzuie?"

Nandy hakuanzia kwenye televisheni

Ni rahisi kuelewa kwa nini binti wa Kilimanjaro anamtazama Nandy na kujiona yeye. Jina lake la kuzaliwa ni Faustina Charles Mfinanga, na alizaliwa Moshi Novemba 9, 1992. Mwaka 2016 alishiriki Tecno Own the Stage, mashindano ya karaoke ya Afrika yaliyorushwa kwenye televisheni, yaliyofanyika Lagos, Nigeria.

Hakushinda. Alishika nafasi ya pili.

Mwaka uliofuata, 2017, alipata tuzo ya AFRIMA ya mwanamuziki bora wa kike wa Afrika Mashariki. Mwaka 2018 ikatoka albamu yake, The African Princess. Mwaka 2021 akaimba "Leo Leo" na gwiji wa Kongo, Koffi Olomide.

Nilimsomea mama mdogo tarehe hizo moja moja, kisha tukapiga hesabu pamoja. Mwaka ule wa Lagos, Nandy alikuwa ameshavuka miaka 20. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. Njia yake pia ilipita Tanzania House of Talent, THT, ya Dar es Salaam, chini ya marehemu Ruge Mutahaba. Wamo Mwasiti, Barnaba na Linah waliopita hapo hapo. THT haikuwa jukwaa la usiku mmoja. Vijana walikwenda kujifunza kuimba, kucheza na kupiga ala, siku baada ya siku, bila kamera.

Si yeye peke yake. Peter Msechu alishika nafasi ya pili Tusker Project Fame mwaka 2010, na bado Watanzania wanamfahamu. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search, mashindano ya Madam Rita Paulsen, mwaka 2012. Leo wengi wanamjua kwa nyimbo za injili kuliko kwa ushindi ule. Televisheni iliwafungulia mlango, lakini walifika mlangoni wakiwa na sauti iliyokomaa, na baada ya kuingia walibaki na kazi ya miaka.

"Kwa hiyo ana muda," alisema mama mdogo.

Nikamjibu muda anao. Ambacho huenda hana ni koo jingine.

Nyuzi mbili ndogo

Jumamosi nilipanda daladala ya Kibosho. Jumatatu tukashuka na binti mjini kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nitaeleza alichokiona, kwa sababu ndicho kinachowapata watoto wengi wanaoimba sana au kupiga kelele sana.

Sauti inatengenezwa na nyuzi mbili ndogo zilizo ndani ya koo, juu ya bomba la hewa. Tukiongea au kuimba, hewa kutoka kwenye mapafu inazifanya zigongane. Kwa mwanaume mtu mzima zinagongana kama mara 120 kwa sekunde anapoongea. Kwa mwanamke ni kama mara 200, na kwa mtoto ni zaidi ya hapo. Akipanda noti za juu, idadi inaongezeka tena. Saa tatu za kuimba kwa nguvu ni mamilioni ya mapigo.

Mkulima akishika jembe siku nyingi anapata sugu kiganjani. Nyuzi za sauti nazo hufanya hivyo. Zikigongana kwa nguvu bila kupumzika, huvimba, kisha huota vinundu viwili vidogo vinavyotazamana, kimoja kila upande. Nyuzi zinashindwa kufunga vizuri, hewa inavuja, na sauti inatoka na mikwaruzo. Mtoto akiona sauti haitoki, anasukuma zaidi. Hapo ndipo tatizo linakua.

Mdogo wangu alikuwa na vinundu hivyo. Habari njema ni kwamba si saratani na havigeuki kuwa saratani. Kwa watoto, upasuaji mara nyingi hauhitajiki. Tiba ni kupunguza matumizi ya sauti na kujifunza upya namna ya kupumua na kuimba bila kulazimisha. Inachukua wiki, mara nyingine miezi.

Usaili ulikuwa umebaki wiki tatu. Daktari hakuzungukazunguka: asiende. Binti alilia kimya kimya ndani ya daladala hadi tunafika nyumbani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kuna jambo jingine wazazi tunalisahau. Wakati wa balehe, koo lenyewe linakua. Kwa wavulana nyuzi zinarefuka sana, ndiyo maana sauti inavunjika na kuwa nzito. Kwa wasichana mabadiliko ni madogo, lakini yapo, na sauti inaweza kukosa utulivu kwa muda. Mtoto wa umri huu akilazimishwa kuimba nyimbo za mtu mzima, katika noti za mtu mzima, anabebeshwa mzigo usio wake.

Mayai, tangawizi na mvuke

Nilipofika nyumbani kwa mama mdogo nilikuta dawa za kila aina mezani. Tulizipitia moja moja.

Yai bichi halisaidii sauti. Chakula na kinywaji hupita kwenye njia ya chakula, wala hakigusi nyuzi za sauti. Ambacho yai bichi linaweza kuleta ni bakteria wa salmonela, na mtoto akaharisha siku ya usaili.

Chai ya tangawizi na asali inatuliza koo na si vibaya kuinywa. Lakini isimfanye mtoto aone amepona akaendelea kuimba.

Kujifukiza kwa maji ya moto chini ya blanketi kunahitaji tahadhari. Watoto huungua sufuria linapopinduka.

Kunong'ona si kupumzisha sauti. Kwa wengi kunakaza koo zaidi. Afadhali aongee taratibu, kwa sauti ya kawaida, au anyamaze.

Maji ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Anywe kidogo kidogo kutwa nzima, kwa sababu nyuzi kavu huumia haraka. Chakula cha usiku kiliwe mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala, maana kiungulia hupandisha asidi hadi kooni. Na kama jiko ni la kuni, mwimbaji asikae humo muda mrefu. Moshi unakera koo hata la asiyeimba.

Mazoezi yawe mafupi. Dakika 20, kisha apumzike, ni bora kuliko saa tatu mfululizo. Aanze na noti za katikati kabla ya kupanda. Siku sauti ikikauka, asiimbe.

Sauti ikiwa na mikwaruzo kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua, mpeleke kwa daktari. Usisubiri wiki hizo kama anapumua kwa shida au kwa mlio, anashindwa kumeza, anatoa damu au ana uvimbe shingoni. Hapo nenda siku hiyo hiyo.

Siku majaji wakisema hapana

Jioni ile baba mdogo aliuliza swali ambalo sikulitarajia kwake. "Na angeenda, wakamcheka?"

Ni swali la haki. Tuseme ukweli, sehemu ya usaili inayochekesha watazamaji wengi ni ile ya wanaoimba vibaya. Zamani ilionekana mara moja ikapita. Siku hizi kipande cha sekunde 30 kinakatwa, kinaingia kwenye simu, na shule nzima inakiona kabla ya kengele ya saa nne. Mtu mzima anaweza kukicheka na kuendelea na maisha. Mtoto wa miaka 15, ambaye bado anajenga picha ya yeye ni nani, anaweza kukibeba muda mrefu.

Kwa hiyo kabla hujamruhusu, kaeni mzungumze. Mwambie wazi kwamba wengi wanaoingia hawatoki washindi. Muulize atajisikiaje wakimkataa mbele ya watu. Siku hiyo uwepo, usimtume na rafiki. Akirudi na "hapana", usianze na "nilikwambia". Mpe chakula, mwache aongee akitaka. Katika wiki zinazofuata angalia usingizi wake, hamu ya kula, na kama amejitenga na wenzake au hataki kwenda shule. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, tafuta msaada wa mtaalamu wa ushauri nasaha au hospitali. Kijana akisema hataki kuishi, hata kwa utani, usingoje wiki yoyote.

Kuna majukwaa madogo yanayomzoesha mtoto bila kumwanika. Kwaya ya kanisani, kaswida madrasa, mahafali, mashindano ya shule. Huko akikosea noti, anayemsikia ni mwalimu wake na majirani wanaomjua tangu yuko mgongoni.

Usisaini ukiwa na haraka

Kwa wale ambao watoto wao watavuka mchujo, kuna karatasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na aliye chini ya umri huo hawezi kujifunga mwenyewe kwa mkataba. Ukiletewa mkataba, wewe mzazi ndiye utakayeulizwa. Usome wote, nyumbani, kwa mwanga mzuri. Uliza mtoto atalala wapi na chini ya uangalizi wa nani, ataendeleaje na masomo, nyimbo atakazorekodi zitakuwa mali ya nani, na mkataba unaisha lini. Kama huelewi sentensi moja, usisaini hadi mwanasheria akueleweshe. Na atakayekuomba fedha ili "ampitishe" mwanao, huyo mkatae.

Jumapili ya Kibosho

Nilirudi Kibosho mwezi uliofuata. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa inaanza kusafika, ingawa noti za juu bado zilikatika. Alikuwa amepewa karatasi ya mazoezi ya kupumua, na mama mdogo alikuwa ameibandika ukutani karibu na kalenda ya parokia. Mezani palikuwa na chupa ya maji yenye jina lake. Mayai yalikuwa yanakaangwa.

Wamekubaliana, wazazi na binti, kwamba ataenda kwenye usaili akimaliza kidato cha nne, kama koo litakuwa limepona na bado anataka. Baba mdogo amesema atampeleka mwenyewe. Binti hakufurahia kusubiri. Aliniambia kwamba miaka miwili ni mingi, nami sikumbishia.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma kanisani. Kwaya ya vijana iliposimama, naye alisimama mahali pake pale pale, sauti ya kwanza, mstari wa mbele. Hakuimba. Alishika daftari la nyimbo kwa ajili ya mtoto mdogo aliyekuwa pembeni yake, akimfuatishia mistari kwa kidole. Wimbo ulipofika sehemu ya juu, nilimwona anavuta pumzi hadi tumboni, kama alivyofundishwa, kisha akaiachia taratibu bila kutoa sauti.