Kabati ya vitabu na ulizo la kwanza



Kila juma watu wanasimama mbele ya kabati ya vitabu na kutuambia, "Yaya, unipatie buku moja." Tukiuliza buku ya namna gani, jibu ni lile lile: "Ile ya kurasa kidogo." Juu ya nini? Juu mwalimu wa Kifaransa ameomba fishi ya kusoma, na siku ya kuirudisha ni kesho kutwa. Basi sisi wa komite ya maktaba tunatwaa kile kilicho juu ya vingine, tunaandika jina katika kaye, mambo yamekwisha. Vitabu vyembamba vimepasuka majalada yote. Vile vinene vinakaa safi kama viatu vya siku ya Mungu.

Tulifikiri kazi yetu ni kuchunga ufunguo na kuhesabu vitabu. Tuliamshwa na jambo moja. Mwaka uliopita kijana mmoja wa kalasi ya tatu ya umanite, aliyekimbia na jamaa yake kutoka upande wa Djugu, alikuja kuomba kitabu. Tulimpa L'Aventure ambiguë cha Cheikh Hamidou Kane, mwandishi wa Senegal, kwa kuwa tulisikia ni kitabu kikubwa cha Afrika. Na kweli ni kikubwa, kilitoka mwaka 1961, lakini ni kitabu cha mawazo mazito, hata wa kalasi ya sita wanatoka jasho. Baada ya siku mbili alikirudisha. Alisema tu, "Sikusikia kitu." Hatukumwona tena trimestri nzima. Huku Ituri wengi wetu tulipoteza miaka ya masomo, wakubwa wetu katika vita ya 1999 hadi 2003, na wengine tangu mwisho wa 2017. Mtu wa namna hii akipewa kitabu kisichomfaa, hasemi kitabu ni kigumu. Anasema yeye ni mjinga.

Tukaenda kwa mama mmoja aliyefanya kazi ya maktaba miaka mingi hapa Bunia. Alitucheka kwanza, halafu akatueleza.

Alisema kazi hii ina baba yake, Muhindi mmoja anayeitwa Ranganathan. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1924 akawekwa kuongoza maktaba ya Universite ya Madras, na siku za kwanza alichoka na kimya yake, akataka kurudi kufundisha. Lakini akabaki, na mwaka 1931 akatoa kitabu chenye sheria tano za maktaba. Mbili kati yao zinatuhusu hapa: kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Maana yake, kitabu kinachokaa kabatini bila kuguswa si lazima kiwe kibaya. Labda mtu wake hajaletwa kwake. Mwaka ule ule wa 1931 maktaba ya McMillan ilifunguliwa kule Nairobi, na Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Vitabu vilikuwa ndani, wasomaji wengi walikuwa inje. Tuliposikia hivi tuliangalia chini, juu ufunguo wa kabati yetu unalala mara nyingi katika mfuko wa mmoja wetu, naye huenda kucheza mpira.

Sasa, namna ya kumletea mtu kitabu chake. Mama alisema ulizo "unataka kitabu gani?" ni ulizo baya. Mtu akijua kitabu anachotaka, hana haja na shauri. Umuulize hivi: "Unieleze kitabu, au hadisi, au hata filme uliyopenda, na kitu ulichopenda ndani." Halafu unyamaze, usikilize. Kuna mama mwingine wa kazi hii, Nancy Pearl, wa mji wa Seattle kule Marekani. Yeye anafundisha kwamba watu wanaingia katika kitabu kwa milango mine: mambo yanayotokea, watu walio ndani, mahali, na lugha yenyewe.

Tulijaribu mafundisho haya na vitabu tulivyo navyo. Anayesema, "Nilitaka kujua mwisho wake," huyo anaingia kwa mlango wa mambo yanayotokea. Tunampa Ngando cha Lomami Tshibamba, Mkongomani mwenzetu, kilichopata zawadi kule Ubelgiji mwaka 1948: mtoto anachukuliwa na mamba, na baba yake anakwenda kumtafuta. Anayesema, "Nilimuhurumia yule mtu," apewe Une vie de boy cha Ferdinand Oyono, kuhusu boy Toundi wa Kameruni anayeandika kila kitu anachoona katika nyumba ya Mzungu. Au apewe Une si longue lettre cha Mariama Bâ, barua ndefu ya mama mjane kwa rafiki yake. (Vijana wanasema hicho ni cha wasichana. Wawili walikisoma kwa kujificha, majina tunayo.) Anayependa kuona mahali, L'Enfant noir cha Camara Laye kinamfikisha Kouroussa, kwa fundi wa zahabu, mpaka moto anauona. Na anayependa maneno mazuri, hata polepole, Kusadikika cha Shaaban Robert kiko. Ni Kiswahili cha pwani, si hiki chetu cha Bunia, lakini mwalimu wa dini amejitolea kusaidia kwa maneno magumu.

Huyu Nancy Pearl ana sheria ingine ambayo wengi watafurahia. Soma kurasa 50. Kama kitabu hakikushike, ukirudishe bila haya. Mwenye kupita miaka 50 atoe miaka yake katika 100, ile inayobaki ndiyo hesabu ya kurasa zake. Basi mwalimu wa miaka 60 asome 40 tu, juu wakati wake ni kidogo! Bwana Prefe ametuomba tuandike wazi kwamba sheria hii si ya kitabu cha fizika, wala si ya Egzameni ya Serikali.

Jambo la mwisho ambalo mama alikaza sana ni mdomo. Kitu mtu anachoomba kwenye kabati ni siri ya kabati. Mkubwa wa kalasi ya sita akiomba kitabu chepesi cha watoto juu Kifaransa chake ni kidogo, tukicheka mara moja, harudi tena.

Yule kijana wa Djugu tulimtafuta wenyewe, tukamwomba radhi. Tukamuuliza ulizo jipya. Alifikiri, akasema hajasoma kitabu chochote mpaka mwisho, lakini babu yake alikuwa akiwaeleza hadisi za nyama na za roho za mtoni jioni. Tukampa Ngando. Alikikawisha majuma matatu, tukaanza kufikiri kimepotea. Aliporudi, jalada lilikuwa limefungwa na karatasi ya saruji, kazi safi, na aliuliza, "Yaya, iko ingine ya vile?"

Hatukuwa nayo. Tunaitafuta bado, na yeyote mwenye kitabu cha namna ile nyumbani atusaidie.

Kabati inafunguliwa siku ya tatu na siku ya sita, baada ya masomo, na ufunguo sasa unakaa katika biro ya Prefe. Mje na kaye yenu, na mfikiri mbele kitabu au hadisi mliyopenda, juu tutawauliza.

Komite ya Maktaba