Kabla ya rula kuna muwa: Mfunze mdogo wako kulinganisha urefu

LIKIZO imefika na kazi ya kukaa na wadogo wako imekuangukia wewe. Umekata muwa, ukagawa vipande viwili vinavyotoshana kabisa. Kabla hujaketi, kilio: “Chake ni kirefu!” Unamwonyesha viko sawa, hataki. Unamwita mlafi, na mambo yanaishia kwa kofi.

Hebu ngoja kidogo. Huenda huyo mtoto si mlafi hata. Anakwambia tu anachokiona.

Jean Piaget, msomi wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, alikuwa akiweka vijiti viwili vya urefu mmoja mbele ya mtoto, sambamba. Mtoto alikubali kwamba vinatoshana. Kisha kijiti kimoja kilisukumwa mbele kidogo. Watoto wengi wadogo walisema ati hicho sasa ndicho kirefu. Walitazama ncha iliyotokeza mbele, wakasahau ile iliyobaki nyuma.

Kwa mtoto wa PP1 au PP2, wa miaka 4 au 5 hivi, kosa hilo ni la kawaida, na kelele haziliondoi. Mwonyeshe kwamba vitu vinavyolinganishwa lazima vianzie mahali pamoja. Visimamishe vipande vyote viwili juu ya meza, kisha muulize: “Kipi kimepita kingine?” Vilaze, usukume kimoja makusudi, muulize tena. Akikosea, usimpe jibu. Mwache avipange upya mwenyewe.

Jambo la pili ni lugha. Watoto wengi wa umri huo kila kitu kwao ni “kikubwa”. Mpe kiazi kinene na penseli mpya. Kipi kikubwa? Kiazi. Na kipi kirefu? Penseli. Hapo anaanza kung’amua kuwa urefu ni jambo tofauti na ukubwa.

Kisha weka penseli hiyo kando ya kijiti cha kibiriti, halafu kando ya ufagio. Ilikuwa ndefu, mara imekuwa fupi! Kumbe kitu hakiwi kirefu hivi hivi tu. Ni kirefu kuliko kingine. Mzoeshe neno “kuliko”, na usisahau “vinatoshana”. Wengi wetu hufunza refu na fupi, sawa ikasahauliwa.

Akishika hayo, mtegee swali: kati ya kitanda na mlango, kipi kirefu? Huwezi kuving’oa uviweke pamoja. Chukua kamba, inyooshe kando ya kitanda, funga fundo kinapoishia, halafu mwende nayo mlangoni.

Mwisho, pimeni meza kwa shubiri. Wewe anza, naye afuate. Yake itafika shubiri nyingi kuliko zako, naye atashangaa: meza ni moja, mbona hesabu ni mbili? Usikimbilie kumjibu. Mwekeeni viganja vyenu pamoja, aone mwenyewe. Mtoto aliyewahi kujiuliza swali hilo, siku atakayokabidhiwa rula darasani atajua ni ya kazi gani.

Na muwa ujao ukifika nyumbani, usigawe wewe. Mpe yeye apime kwanza, ndugu yake akitazama. Nani atalia sasa?