Usinunue gari kwa bei yake, nunua kwa bei ya spea zake

Wiki hii inbox imejaa swali moja: "Dada, nimekusanya hela kidogo, nataka gari ya juu, ndogo, ya kuzungushia mizigo na nikae nayo miaka. Nichukue ipi?" Kabla sijajibu nikusimulie yaliyonikuta, maana mimi niliingia mkenge.

Nauza viatu na mabegi mtandaoni, stoo yangu iko Goba. Asubuhi nazungusha oda za mjini, jioni napeleka mizigo ya mikoani stendi ya Magufuli pale Mbezi. Njia ya kuingia kwangu mvua ikinyesha gari ya chini haipiti, kwa hiyo SUV kwangu haikuwa mbwembwe. Ila nilipofika yadi niliangalia rangi, redio na bei, basi. Niliyoipenda ilikuwa rahisi kuliko zote. Nikachomoa milioni 3 kwenye mtaji nikiongezea, nikijiambia nitazirudisha.

Mwezi wa nne tu, Kimara, gari ikagoma kupanda. Injini inalia, tairi hazizunguki. Fundi akaangalia, akaniambia, "Dada, gia boksi imekufa." Ya mtumba ilikuwa milioni 2.6, na Dar haikuwepo. Tulisubiri wiki tano. Nikarudisha hela za wateja 14, na mteja wangu wa jumla wa Dodoma akahamia kwa mwingine hadi leo. Ndipo nikaelewa kwa nini ile gari ilikuwa bei poa: waliokuwa wanaijua walikuwa wanaikimbia.

Sasa tuje kwenye somo.

1. ANZIA DUKA LA SPEA, SIYO YADI
Ukishapata gari mbili tatu unazozitamani, nenda Kariakoo au Ilala na karatasi. Ulizia brekipedi, shokapu, bushi, beringi za tairi, taa ya mbele na gia boksi ya mtumba. Uliza maduka matatu. Ukiambiwa "hiyo mpaka uagize" mara mbili, ifute kwenye orodha. Halafu muulize fundi wako wa mtaani gari ipi anaifungua kila wiki bila kuumiza kichwa. Gari zilizojaa barabarani zina spea nyingi na mafundi wengi, ndiyo maana matunzo yake ni nafuu.

2. JUA KILICHO CHINI YA BONETI
Ile ya kwangu ilikuwa na gia boksi ya CVT, ambayo inatumia mkanda wa chuma na puli badala ya gia za kawaida. CVT siyo mbaya, inasaidia hata mafuta. Shida ni kwamba inataka oili yake maalumu, na kwa wakati. Akitokea mtu akaweka oili ya gia boksi ya kawaida, ameiua taratibu. Kwenye gari iliyotumika hujui wa kabla yako aliweka nini. Kama unataka kukaa na gari miaka 8 au 10, otomatiki ya kawaida ina usalama zaidi mfukoni.

Ulizia pia taiming: ni cheni au mkanda? Cheni inakaa muda mrefu sana ukibadilisha oili kwa wakati. Mkanda lazima ubadilishwe kwa ratiba, na kwenye injini nyingi ukikatika njiani unaharibu valvu.

3. PIGA HESABU YA MAFUTA KAMA YA MZIGO
Tuseme unatembea kilomita 40 kwa siku, siku 26. Hiyo ni kilomita 1,040 kwa mwezi. Gari inayokwenda kilomita 12 kwa lita itakunywa lita 87 hivi. Inayokwenda 8 itakunywa 130. Tofauti ni lita 43. Lita ikiwa shilingi 3,000, ni kama 130,000 kila mwezi, zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka. Hiyo ni faida ya jozi ngapi za viatu?

4. HAYA, NITAJIE MAJINA
Mimi sasa naendesha Toyota Rush ya cc 1500. Ina cheni, otomatiki ya kawaida ya gia 4, na iko juu vya kutosha kwa njia zetu. Daihatsu Be-Go ni ndugu yake wa damu, spea nyingi zinaingiliana. Ubaya wake: ina nguvu ndogo ukiijaza mzigo mlimani, na buti siyo kubwa.

Ukiwa na njia mbaya kweli, Suzuki Escudo ya cc 2000 ni ngumu na injini yake ina cheni. Ila zile za kuanzia 2005 zinavuta tairi zote nne muda wote, kwa hiyo jiandae na mafuta.

RAV4 za 2000 hadi 2005 zina nafasi na spea zipo. Angalia tu injini. Zenye maandishi ya D-4 zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na hazipendi mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha.

5. KABLA YA KULIPA
Nenda na fundi WAKO, siyo wa dalali. Iwashe ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu maana yake inachoma oili. Ingia chini uangalie kutu. Ijaribu kwenye mlima, siyo kuzunguka yadi. Kama unaagiza Japani, dai karatasi ya mnada uone kilomita halisi, na ingia kwenye kikokotoo cha TRA ujue ushuru mapema. Gari ikizidi miaka 8 tangu itengenezwe inaongezewa ushuru wa uchakavu, ikizidi 10 ndiyo unapanda zaidi.

6. MTAJI USIGUSWE
Kama ili ununue gari lazima upunguze mzigo wa dukani, bado hujafikia kununua gari. Endelea na bodaboda, siyo aibu. Na ukishanunua, fungua mfuko wa gari kwenye laini tofauti. Mimi kila oda ninayopeleka natupia humo 1,000. Juzi shokapu za mbele zimeisha, nimezibadilisha asubuhi na saa nane mchana nilikuwa Mbezi nakabidhi mizigo. Hakuna mteja aliyejua.

Mtumie mwenzako anayeenda yadi Jumamosi hii, umuokoe.