Maji Meusi ya Mwani na Mizani ya Mkulima

Katika duka moja la zana za bustani, upande wa magharibi wa jiji la Toronto, siku chache kabla ya sikukuu ya Victoria, ambayo kwa desturi ya wenyeji ndiyo mpaka baina ya baridi na kilimo, nilinunua chupa ya lita moja ya maji meusi mfano wa kahawa chungu, na nilipoifungua ilitoa harufu iliyonirudisha Paje, Zanzibar, wakati wa maji kupwa, chumvi na tope na majani ya bahari vikiingia puani kabla sijasoma neno la kibandiko. Kibandiko kilisema kwamba mle ndani mna maji ya mwani, na kwamba mwani huo utaipa mizizi nguvu, utauhuisha udongo, na utaukinga mmea na taabu ya joto na kiu. Mama mmoja wa Kimombasa, jirani yangu katika bustani za kukodi, aliinusa chupa ile, akakunja uso, akauliza: "Kaka, hii ni mbolea ama ni dawa?"

Si mbolea, kwa maana chakula cha mmea kilichomo ni haba mno. Wala si dawa, kwa maana haiui mdudu wala ukungu. Wakulima wa Kilolo na Lushoto, wasio na wasaa wa istilahi, huitia bidhaa ya namna hii katika kapu moja na mbolea za majani, wakaiita busta. Wataalamu huiita biostimulanti, yaani kitu kinachouamsha mmea uitumie vyema riziki iliyopo, badala ya kuuongezea riziki mpya. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika Julai 2022, uliitambua bidhaa hii kwa kazi yake, ukamtaka mwenye kuiuza ayathibitishe madai anayoyaandika. Kanada ilishika njia nyingine. Bidhaa hizi huwekwa na Sheria ya Mbolea katika fungu la visaidizi, navyo ni kila kisicho mbolea kinachouzwa kwa ajili ya kutengeneza hali ya udongo au kuusaidia mmea kukua. Na tangu mwaka 2013 Wakala wa Ukaguzi wa Chakula wa Kanada, ambao ndio msajili, umeacha kudai ithibati ya kwamba bidhaa yafanya kazi, ukabaki na suala la usalama tu, kama yamdhuru mtu, mnyama, mmea au mazingira. Siilaumu serikali kwa hilo, kwani si wajibu wake kumshika mnunuzi mkono kila aingiapo dukani. Walakini namba ya usajili iliyopigwa chapa juu ya chupa husomwa na watu wengi kama cheti cha ubora, na wauzaji wachache mno huonekana na haraka ya kuwasahihisha.

Aina zake ni nyingi: asidi za humiki, protini zilizovunjwavunjwa, bakteria, kuvu wa mizizini; lakini huku Kanada mwani ndio wenye historia ndefu. Kampuni ya Acadian Seaplants ya jimbo la Nova Scotia, iliyoanzishwa mwaka 1981, huvuna mwani wa kahawia wa bahari baridi, na wavunaji wake hutumia vidau na reki za mkono. Mwani huo kwa kawaida hupikwa kwa magadi makali ya potasiamu mpaka ukalainika na kutoa maji, na hapa ndipo lilipo fumbo ambalo kila mpimaji sharti alifumbue: mahindi yakistawi baada ya kunyunyiziwa, je, yamestawi kwa mwani, au kwa potasiamu iliyotumika kuupikia? Jaribio la haki lataka vipande vitatu vya shamba, kimoja kilichotiwa mwani, kimoja kilichotiwa potasiamu kwa kiasi kile kile, na kimoja kilichoachwa kwa Mola wake. Na kila kipande kirudiwe mara kadhaa mahali mbalimbali pa shamba, kwa sababu hapana shamba lenye udongo wa namna moja kutoka ukingo hadi ukingo.

Tijara hii haikukua kwa bahati. Mwaka 2009 jimbo la Ontario lilipiga marufuku viuatilifu vya kupambia nyua, na watunza majani wa Toronto wakatafuta cha kuuza badala yake. Desemba 2020 serikali ya Ottawa ilitangaza azma ya kupunguza hewa chafu itokanayo na mbolea kwa asilimia 30 chini ya kiwango cha 2020 ifikapo mwaka 2030. Kisha, Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuzuka, Kanada iliitoza bidhaa ya Urusi ushuru wa asilimia 35, na wakulima wa Ontario, waliozoea kutegemea naitrojeni ya Urusi, wakajikuta wanalipia vita kwa mfuko wa mbolea. Katika hali hiyo kila anayesema "tumia mbolea chache, upate mavuno yale yale" hupata msikilizaji. Wenye mitaji walikwisha kuinusa harufu hiyo mapema: Nutrien, jitu la potashi ambalo hisa zake huuzwa katika soko la Toronto, ilitoa dola za Marekani milioni 340 mwaka 2019 kuinunua Actagro ya California, na mwaka 2022 kampuni ya Corteva ilitangaza kuinunua Stoller, zote mbili watengenezaji wa bidhaa za namna hii, kwa dola bilioni 1.2.

Tukija kwenye mizani yenyewe, mambo hayaendi kama vibandiko vinavyosema, wala hayaendi kama wenye dhihaka wanavyosema. Mwaka 2022 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, waliyachambua majaribio ya mashambani kutoka tafiti 180, wakapata wastani wa nyongeza ya mavuno ya asilimia 17.9. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota kilitoa matokeo ya majimbo 10 ya Marekani kuhusu bakteria wanaouzwa kwa dai la kuivuta naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mahindi, ngano na mazao mengine yasiyo jamii ya kunde: katika mashamba 61, ni 2 tu yaliyoonyesha ongezeko la mavuno. Msomaji atauliza ni yupi mkweli. Kwanza, bidhaa zenyewe si moja. Pili, jaribio lililofaulu hupata mchapishaji upesi, ilhali lililoshindwa hulala kabatini, na kwa hiyo wastani uliojengwa juu ya yaliyochapishwa huwa umepanda ngazi kabla ya kupimwa. Tatu, na hili kwangu ndilo lenye uzito zaidi, watu wa Ghent wenyewe waliona faida kubwa katika nchi kame na katika udongo wa mchanga, wa chumvi, au uliopungukiwa mboji. Mmea usio na taabu hauna la kuokolewa nalo. Na sehemu kubwa ya kusini mwa Ontario ni nchi ya mvua na udongo mnono.

Kuhusu uzima wa udongo, madai huwa makubwa na vipimo huwa haba. Hektari moja ya udongo, kwa kina cha jembe, ina uzani wa takriban tani 2,000. Ikiwa na mboji ya asilimia 3, hizo ni tani 60. Lita chache za asidi ya humiki juu ya tani 60 ni tone la samli katika sufuria ya pilau ya harusi. Muuzaji hujibu kwamba kinachofanya kazi si wingi bali ishara inayoufikia mzizi, na pengine ni kweli kwa mzizi. Lakini udongo haupati mboji kwa ishara. Kilomita 50 hivi kaskazini mwa Toronto kuna bonde la Holland Marsh, lenye udongo mweusi tii utoao karoti na vitunguu, nao huzama mwaka hata mwaka kwa kuwa mboji yake huliwa na hewa tangu kinamasi kilipokaushwa. Kuuhifadhi kwataka mazao ya kufunika ardhi na jembe lisilopita mara kwa mara, na hivyo havitiwi katika chupa.

Nyumbani Afrika Mashariki shida za mmea ni nyingi zaidi, na kwa hiyo nafasi ya bidhaa hizi ni pana zaidi, na nafasi ya ulaghai pia. Mradi wa COMPRO ulipima bidhaa zaidi ya 100 za soko la Kenya, Ethiopia na Nigeria, zikasalimika chache. Miongoni mwa hizo chache zilikuwamo bakteria za jamii ya kunde, ambazo soya na maharage huzipa makao mizizini, kama ile Biofix itengenezwayo na kampuni ya MEA huko Nakuru. Na Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989 na kikashikwa na wanawake wa Paje na Jambiani, mwani huanikwa ukakauka, ukauzwa ng'ambo kwa uzani. Wahindi waligundua kwamba mwani mbichi wa jamii hiyo hiyo ukikamuliwa hutoa maji ya kunyunyizia mashamba, na makapi bado hufaa kiwandani; ushirika wa IFFCO huyauza maji ya mwani kwa jina la Sagarika. Maji ya mwani wa kwetu yakauka juani, nami nikatoa dola kununua ya mwani wa bahari baridi.

Nilipanda mistari miwili ya mchicha, mmoja kwa maji ya mwani na mmoja kwa maji ya bomba, nikajiona mtaalamu. Mwishoni mwa Juni, alfajiri moja, sungura aliingia chini ya waya, akala mstari wa maji ya bomba wote, akauacha wa pili bila kuugusa hata jani. Mama wa Kimombasa alisimama mlangoni mwa bustani, akatazama kwa muda mrefu.

"Kaka," akasema, "dawa yako hiyo yafukuza sungura. Iandike kwenye chupa, uiuze."