Dakika Kumi kwa Mia Mbili

Sarafu zinazozunguka Tanzania leo ni za shilingi 50, 100, 200 na 500, na katika mabanda ya gemu ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hizo ndizo zinazopanga bei kuliko hata mwenye banda. Tuseme mechi moja ya mpira ni mia mbili. Jirani akifungua banda lake upande wa pili wa barabara, utamzidi kwa bei gani? Mia na themanini haitozeki, maana chenji ya ishirini hakuna wa kuitoa. Ukishuka hadi mia, umejikata nusu ya mapato kwa siku moja. Basi bei hubaki palepale kwenye kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makapeni, na ushindani huhamia ndani ya mashine, kwenye ukurasa wa mipangilio ambao mteja hauangalii ila anauhisi: muda wa mechi.

Kipindi kikiwa dakika 4, mechi nzima ni dakika 8, na mteja analipa shilingi 25 kwa kila dakika. Mwenye banda akisogeza kipindi hadi dakika 5, mechi inakuwa dakika 10 na dakika moja inashuka hadi shilingi 20. Hapo ameshusha bei kwa moja ya tano bila kugusa boksi lake ukutani. Wateja wanahama. Lakini naye anaumia, kwa sababu saa moja iliyokuwa ikibeba mechi saba na nusu sasa inabeba sita, na shilingi 1,500 za saa zimekuwa 1,200. Jirani akijibu kwa dakika 5 zake, wateja wanagawanyika kama mwanzo, isipokuwa sasa wote wawili wanakula kidogo.

Kampuni kubwa zilizotengeneza mashine hizi zilifanyiana jambo hilohilo hadharani mwezi Mei 2002. Mashine inayohusika ni PlayStation 2, ile nyeusi ambayo vijana wa nyanda za juu za Kigoma wanaiita PS2 tu. Sony iliitoa Japani tarehe 4 Machi 2000, na Marekani ikafika Oktoba mwaka huohuo kwa dola 299. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2001, Microsoft ikaingia uwanjani na Xbox kwa dola 299 hizohizo, na Nintendo ikaleta GameCube kwa dola 199. Mambo yakatulia miezi michache. Tarehe 14 Mei 2002 Sony ikaamka na kutangaza PS2 kwa dola 199, dola 100 zimeondoka kwa mpigo. Microsoft haikulala: siku iliyofuata nayo ikasema Xbox ni 199. Haikupita wiki, Nintendo ikashuka hadi 149. Ulaya walikuwa wametangulia kuona maajabu, kwani Xbox iliingia madukani Uingereza Machi 2002 kwa pauni 299 na kufikia mwisho wa Aprili ilikuwa pauni 199. Waliokimbilia kununua siku ya kwanza walipiga kelele mpaka Microsoft ikawafidia kwa gemu mbili na pedi moja ya bure.

Aliyewahi kuuza maharage gulioni atajiuliza: mtu anashushaje bei kwa theluthi nzima na bado ana mtaji? Jibu ni kwamba wengi wao hawakuwa wakipata faida kwenye mashine tangu mwanzo. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple huko California, ofisa wa Microsoft aliulizwa chini ya kiapo ni faida kiasi gani kampuni hiyo hupata kwa kuuza Xbox. Akajibu kwamba haijawahi kupata. Fedha hutoka kwenye gemu: kila diski halali inayouzwa, mwenye mashine hupokea fungu lake, hata kama gemu imetengenezwa na kampuni nyingine. Mashine ni chambo. Ukishampata mteja nyumbani kwake, atanunua gemu miaka mitano au sita, na hasara ya mwanzo itarudi na riba. Asiye na uwezo wa kusubiri miaka hiyo hutolewa nje ya uwanja. Ndivyo ilivyowakuta Sega. Dreamcast yao iliingia Marekani Septemba 1999 kwa dola 199, ikashushwa hadi 149, na Januari 2001 wakatangaza kwamba wanaacha kabisa kutengeneza mashine.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke Kasulu. Mashine iliyouzwa kwa bei ya chambo ilifika, ila samaki hakunasa. Gemu zilizochezwa mabandani zilikuwa kopi, diski iliyouzwa kwa bei ya CD ya muziki, na Sony haikuona hata senti ya fungu lake. Kisheria huo ni wizi wa kazi ya watu na sitaupaka rangi. Lakini kiuchumi maana yake ni kwamba kijana wa Kibondo alipata mashine ambayo gharama yake ilikuwa imebebwa na wanunuzi wa gemu wa Ohio na Osaka. Sidhani kama kuna mfadhili mwingine wa burudani za vijana wa huko aliyetoa fedha nyingi namna hiyo bila kujua.

Ila vita peke yake haishushi bei hadi ifike huku. Kitu kilichoishusha PS2 mwaka hadi mwaka kipo ndani ya chipu. Mashine ya kwanza ilikuwa na chipu kuu mbili, moja ya kufikiri, iliyokwenda kwa megahetzi zipatazo 295, na nyingine ya kuchora picha. Chipu huchongwa kwenye kisahani cha silikoni, na gharama ya kisahani kimoja haibadiliki sana, uchonge chipu mia au mia nne juu yake. Kila kiwanda kilipojifunza kuchora njia nyembamba zaidi, chipu ileile ilichukua nafasi ndogo zaidi, na kisahani kimoja kikatoa chipu nyingi zaidi. Sony walifika mahali pa kuzibana zote mbili ndani ya chipu moja yenye njia za nanomita 90. Chipu ndogo hula umeme kidogo, haichemki sana, haihitaji feni kubwa wala boksi kubwa. Matokeo yake yalionekana mwaka 2004: PS2 ya kwanza ilikuwa na unene wa sentimita karibu 8 na uzito wa zaidi ya kilo mbili. Ile nyembamba, ambayo kila mtu anaiita slimu, ina sentimita 2.8 na gramu 900. Bei ikaendelea kuteremka, 179, 149, 129, hadi dola 99 mwaka 2009.

Gramu 900 ni jambo kubwa kwa mtu anayesafiri kwa basi kutoka Kariakoo hadi Kasulu, achilia mbali miaka ile ambapo kipande cha Nyakanazi, Kibondo na Kasulu kilikuwa vumbi jekundu kiangazi na tope masika. Xbox ya kwanza ilikaribia kilo nne. Ukiwa na begi moja la mgongoni unachukua slimu tatu na pedi zake, au Xbox moja na maumivu ya mabega.

GameCube ilishindwa huku kwa sababu nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Nintendo waliogopa wizi wa gemu, wakatumia kidiski chao cha sentimita 8 chenye ujazo wa gigabaiti 1.5, kisichofanana na DVD ya kawaida. Ulinzi ukafanya kazi. Kopi hazikupatikana kirahisi, na mashine haikuweza kuonyesha filamu. PS2 ilikula DVD za filamu. Mwenye kibanda umiza alinunua kitu kimoja akapata viwili: jioni anaonyesha filamu ya Kihindi au ya mapigano, mchana watoto wanacheza mpira kwenye TV ileile ya chogo, kwa waya zilezile tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Ulimwenguni kote PS2 ziliuzwa zaidi ya milioni 155. GameCube haikufika milioni 22, na Xbox ya kwanza ilikomea milioni 24 hivi. Katika mabanda ya huku uwiano ulikuwa mbaya zaidi kwa walioshindwa, kiasi kwamba watoto wengi walikua wakidhani gemu zote duniani zinaitwa PS.

Adui wa PS2 huku hakuwa Microsoft, bali umeme. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilikuwa nje ya gridi ya taifa, zikiwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi gridi ilipofika kupitia Nyakanazi mwanzoni mwa miaka ya 2020. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, na mashine ya mtumba iliyotoka Japani mara nyingi imeundwa kwa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230, utanusa harufu kabla hujaona moshi. Kwa hiyo nyuma ya TV utakuta stabilaiza, na pengine transfoma ya kushushia umeme, mara nyingi nzito kuliko mashine inayolindwa.

Baada ya umeme, laiza. Nimewahi kukaa na fundi wa redio na simu akifungua slimu iliyoletwa na mwenye banda. Kifuniko kikiwa wazi, jicho la laiza linaonekana, lenzi ndogo kama punje ya dengu, na juu yake utando wa vumbi la barabarani. Fundi alilifuta kwa pamba yenye spiriti, akaweka CD, akasikiliza.

"Fundi, inasoma?"

"Inasoma orijino, kaka. Kopi haitaki."

Kuna sababu ya kisayansi. Diski iliyotengenezwa kiwandani ina tabaka linalorudisha mwanga vizuri, kama kioo. Diski iliyonakiliwa kwa kompyuta ina tabaka la rangi linalorudisha mwanga hafifu, hivyo laiza iliyozeeka haioni kitu. Fundi akachukua bisibisi nyembamba, akazungusha kijiskrubu kilicho kando ya laiza kwa kiasi cha unywele. Hapo laiza huongezewa nguvu, inasoma kopi tena, na inakufa mapema zaidi. Mwenye banda anajua hilo. Analipa, anaondoka, atarudi.

Tiba ya kudumu ilitoka kwa watundu wa programu, waliogundua kwamba memori kadi ya megabaiti 8 inaweza kubeba programu ndogo inayoifanya mashine isome gemu kutoka kwenye flashi. Diski haihitajiki, laiza ipumzike. Kasoro yake ni kwamba tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, linapitisha data polepole mara kadhaa kuliko diski yenyewe. Ndiyo maana ukiingia bandani unakuta video ya kufungulia gemu inakwamakwama kama gari lenye mafuta machafu, halafu mechi yenyewe inakwenda vizuri: uwanja ukishapakiwa kwenye kumbukumbu, hakuna kingi cha kusoma tena. FIFA 14 na PES 2014, zote za mwaka 2013, ndizo gemu za mwisho za mifululizo hiyo miwili ya mpira kutengenezwa kwa PS2. Wachezaji wanaosajiliwa kila msimu huingizwa na wapenzi wa gemu, kazi ambayo Wabrazili wameifanya kwa miaka mingi na sasa ina mafundi wake kila bara. Mtu anafungwa tano mtungi na mshambuliaji ambaye mwaka mashine inatoka kiwandani alikuwa hajazaliwa.

Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Warithi wake wamefika, kwanza PS3 kisha PS4, na banda lenye PS4 na TV bapa hutoza zaidi. Lakini ngazi ya bei iliyoileta PS2 huku imevunjika. Kuchora njia nyembamba kwenye silikoni sasa ni ghali mno, kiasi kwamba chipu ndogo haimaanishi tena chipu rahisi. PS5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Kwa mazoea ya zamani, baada ya miaka mitano ilipaswa kuwa chini ya 300. Badala yake Sony ilipandisha bei Ulaya na kwingineko Agosti 2022, na Agosti 2025 ikapandisha Marekani hadi 549. Microsoft nayo ilikuwa imepandisha Xbox Mei mwaka huohuo. Wapinzani waliowahi kukimbizana kushuka sasa wanapanda pamoja, na kilichotengenezwa kwa gharama kubwa hakigeuki mtumba wa bei chee.

Mshindani wa banda kwa sasa yuko mfukoni mwa mteja, kwani simu ya Android ya kawaida inacheza mpira bila kudai sarafu kwa kila mechi. Hadi leo banda linamshinda kwa kelele na watazamaji, maana kumfunga mtu kwenye simu hakuna anayekushangilia. Anayepanga kununua PS5 kwa ajili ya banda, mimi ningemwambia aangalie jambo moja kabla ya bei: kama ina mdomo wa CD. Zipo zisizo nao tangu 2020, na ile ya Pro iliyotoka Novemba 2024 inauzwa bila huo mdomo. Gemu moja ya mpira siku hizi ni makumi ya gigabaiti, na DVD ya kale ilibeba 4.7. Hilo furushi litapakuliwa kwa bando la simu, na masasisho yake baada ya hapo, na hakuna fundi wa Kasulu mwenye bisibisi ya kurekebisha hilo.